Niliandika sera ya haki za binadamu ya kampuni, wa kwanza kuivunja nikawa mimi

Wakuu, heshima kwenu. Hili sijasimuliwa, limenikuta mwenyewe, na aibu yake yote ni yangu.

Mimi ni mwanasheria wa kampuni moja ya tumbaku hapa Tabora. Wanunuzi wa nje walitaka tuwe na sera ya haki za binadamu, bosi akanitupia mimi. Nikashusha kurasa arobaini. Nilizunguka nayo mtaa mzima wa Mtendeni, iko kwapani, najiona jaji kabisa!

Ukurasa wa tisa nilisema: mwenye malalamiko aandike, atumbukize kwenye sanduku, jina lake litakuwa siri. Ufunguo wa sanduku nikakaa nao mimi.

Barua ya kwanza ikatoka kwa Mama Anitha wa Ulyankulu, anachambua majani ya tumbaku ghalani. Analalamika kuwa msimamizi wao anafunga choo cha wanawake kwa kufuli mpaka saa ya chakula, na yeye ana mimba ya miezi saba.

Sasa hapa ndipo usomi uliponiponza. Chuoni tulifundishwa usihukumu kabla ya kusikiliza upande wa pili. Basi nikatoa kopi ya barua, jina na sahihi vyote vipo, nikampelekea msimamizi "kwa maoni yako".

Maoni yake yalikuwa kumfukuza kazi.

Mama Anitha akaja ofisini na kijitabu cha ile sera yangu mkononi.

"Shikamoo mwanasheria."

Nikaitikia marahaba kwa sauti nzito ya ubosi. Akafungua ukurasa wa tisa, akanisomea taratibu mpaka mwisho.

"Sasa nikitaka kukushtaki wewe, barua nampa nani?"

Aisee! Nilipekua kurasa zote arobaini. Jibu lilikuwa mimi.

Siku hiyohiyo nikamwandikia bosi: kosa ni langu, huyu mama arudishwe, la sivyo sera yetu tuwape wauza maandazi wafungie. Bosi akafoka, "Wewe ni wakili wetu au wake?" Barua sikuiondoa.

Wiki iliyofuata Mama Anitha alirudi kazini, na kufuli la choo likatoka.

Nilichojifunza: ukiwa wakili wa kampuni, usijifanye pia sikio la wanaoilalamikia. Ufunguo sasa anao Mama Anitha na wenzake wawili.

Juzi kaniletea barua ya kwanza waliyoifungua. Pale penye jina pamekatwa kwa mkasi.

Nyie mlioko legal za makampuni, kwenu ufunguo anao nani? Nisemeni tu, nimestahili.