Mwanamke Aliyeitwa Toto

Simsim ikianza kurukaruka kwenye kikaango, harufu yake haina adabu. Inaingia nyumba za watu bila hodi, inakaa kwenye nywele, na ukiwa mtoto mwenye njaa inakutoa kwenye mchezo wowote ule. Katika nyumba za wafanyakazi wa reli pale Malaba, miaka michache baada ya uhuru, harufu hiyo ilichanganyika na moshi wa gari moshi lililokuwa likihema kabla ya kuvuka kwenda Uganda, na hadi leo siwezi kuikumbuka moja bila nyingine. Baba yangu, Msamia wa Sio Port, alikuwa na kazi ya kuelekeza njia za treni. Mama alikuwa amefariki, nami nilikuwa nimelelewa kwa muda na dada yake Baba, tuliyemwita Senge, kama Waluhya wanavyomwita shangazi, kule ziwani ambako kila kitu, hata blanketi, kilinuka omena, wale dagaa wa huko. Kisha Baba akaoa tena, akaja kunichukua. Senge alinitoa kwa shingo upande. Alimwambia Baba waziwazi kwamba angekuja kuniangalia, na akiona jambo moja tu lisilompendeza, angerudi nami siku hiyo hiyo.

Mke mpya wa Baba alikuwa Mteso wa Amukura. Kiluhya hakujua hata neno moja, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Mimi nami Kiteso sikukijua. Siku niliyofika alichuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakalingana, akaweka mkono kifuani, akasema taratibu, "Mimi Toto." Nikamtazama. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono ya kulima na visigino vipana. Lakini Kiswahili nilikijua, na toto ni mtoto tu aliyezidi kiasi. Nikaona mambo yote yamenyooka: Baba ameniletea mtoto mwenzangu, mkubwa wa mwili lakini bado hajui kuongea, na kazi ya kumlea ni yangu. Hakuna mtu aliyewahi kunipa cheo kama kile, nami nilikipokea kwa mikono miwili.

Nikaanza kumlea. "Toto, nawa mikono," nilimwambia kabla ya chakula, naye alinawa, kisha akanigeuzia viganja nivikague. Nilimfundisha kusema kikombe na mlango. Akikosea nilimcheka, na yeye akicheka nilimkaripia. Tukienda kuteka maji nilimshika mkono penye reli, nikamwambia asivuke mpaka niseme, na mwanamke yule mzima, debe kichwani, alisimama akingoja ruhusa ya mtoto aliyemfika kiunoni. Akipika kunde kwa simsim ya kusaga nilionja kwanza, nikamwambia amejaribu. Majirani walicheka wakidhani ni mchezo wetu. Baba, aliyeondoka alfajiri na kurudi amechoka, alisikia binti yake akiita "Toto! Toto!" nyumba nzima, moyo wake ukatulia. Yeye Kiteso alikijua vizuri, na kwa Kiteso toto maana yake ni mama.

Toto mwenyewe aligundua kosa langu mapema sana. Wanawake wa sokoni walimweleza kabla hata mwezi haujaisha, huku wakishika mbavu kwa kicheko. Aliniambia hayo nilipokuwa mtu mzima mwenye nyumba yangu, siku moja tukichambua kunde. Ndipo pia nilipojua kwamba aliwahi kuolewa upande wa Tororo, akarudishwa kwao kwa sababu hakuzaa. "Nilitafuta hiyo jina miaka mingi," alisema, "halafu mtoto ananiita kutoka asubuhi mpaka jioni. Sasa nisahihishe ya nini? Hata ungenifunga nepi." Nilicheka hadi machozi, kisha nikaona si kicheko tena. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Ukinikosea jina mara moja tu nimeshanuna. Yeye alikubali kuamrishwa, kukaguliwa na kuchekwa, ilimradi neno lile lisitoke kinywani mwangu kwa kulazimishwa. Sijui wengi wenye moyo wa namna hiyo, na kusema kweli, mimi si mmoja wao.

Senge alikuja Jumamosi moja, kikapu cha omena kichwani. Alinikuta nimesimama mlangoni, mkono kiunoni, nikipiga kelele: "Toto! Kuja hapa, uso yako bado iko chafu!"

Senge akatua kikapu. "Unaita nani toto? Mke ya baba yako?"

"Ndiyo, Senge. Bado ni mdogo. Ananisumbua sana."

Hakukaa hata chini. "Leo tunarudi mimi na wewe," alisema. "Hii nyumba haina mtu mkubwa. Mtoto ndiye anaamuru, mama ananyamaza. Ukifika miaka kumi utakuwa unapiga watu."

Toto alitoka akifuta uso, akapiga magoti kumwamkia Senge, kama wanawake wa kwao wanavyowaamkia wakubwa. Neno moja lingemwokoa. Angesema tu toto ni nini kwa lugha yake, na mambo yangeisha pale pale. Lakini alinitazama mimi, na hofu yake, alivyonieleza baadaye, ilikuwa moja: kwamba nikisikia neno lile ni la mama, nitalitema, na hatalisikia tena maishani mwake. "Mama," alimwambia Senge, "ni mimi nilimwambia aniite hivyo. Kosa ni yangu." Kisha akaingia ndani, akazikunja nguo zangu moja moja, akazinyoosha kwa kiganja, akafunga furushi. Juu yake akaweka simsim iliyokaangwa, kwenye kitambaa safi, ya kula njiani.

Baba aliporudi adhuhuri alikuta furushi mlangoni. Akamsikiliza dada yake mpaka mwisho, akacheka hadi akaegemea ukuta. "Dada," alisema, "kwa Kiteso toto ni mama. Mtoto anaita mama yake tu." Halafu wote wakanigeukia mimi, na mimi nilikuwa nimewaka. Niliona nimedanganywa. Mama yangu alikuwa amelala Sio Port chini ya udongo, na mtu alikuwa amechukua jina lake akalificha ndani ya neno la kitoto. Nilimchukia Toto kwa muda ule, nikamchukia na Baba kwa kucheka kwake. Senge hakuwa mtu mbaya. Alininamia, akaniuliza kwa upole: "Umesikia. Sasa sema mwenyewe. Twende, ama unabaki?"

Nikamtazama Toto. Alikuwa ameshika furushi langu, na hakuwa akinibembeleza kwa macho wala kwa mdomo.

"Nikienda utalia?" nikamuuliza.

"Nitalia," akasema. "Lakini wewe enda, usiogope. Kule kuna samaki."

Sikujua mtu mzima anaweza kusema kweli namna hiyo. Hasira ikaniishia, ikabaki aibu na kitu kingine ambacho sasa najua ni upendo. "Mimi siendi," nikamwambia Senge. "Nikienda, nani ataangalia Toto?" Na mara hii nilijua ninachokisema. Senge alikunja uso, kisha akamimina omena zote kwenye ungo wa Toto, akaondoka na kikapu kitupu. Toto aliosha sufuria zilizokuwa tayari safi, kwa kelele nyingi, tusimsikie akilia.

Siku hizi nikipita Malaba siioni ile njia yetu ya maji. Malori yamepanga mstari hadi macho yanachoka, na zile nyumba za reli zimebaki kuta. Nawasikia vijana wetu waliooa tena au kuolewa tena wakigombana kuhusu watoto waliowakuta: mtoto aniite mama, aniite anti, asiniite kwa jina langu kama rafiki yake. Siwalaumu, maana jambo hilo linauma. Ila huwa najiuliza kama kuna hata mmoja wao anayeweza kumngoja mtoto hadi afike mwenyewe, kama mimi nilivyongojwa.

Tulimzika Toto kwetu Samia. Mzee mmoja wa ukoo alisimama kusimulia maisha yake, akasema alikuwa mchapakazi, mpole, mcha Mungu, ila kwa bahati mbaya hakujaliwa kupata mtoto. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Ndipo Senge, aliyekuwa mkongwe wa kushikwa mkono, akaipiga fimbo yake chini mpaka mzee akanyamaza.

"Mzee, rudia hapo," akasema. "Huyo mama alikuwa na msichana. Mimi mwenyewe nilienda kumchukua, mtoto akanikataa."