Mzee Shem na Nahodha Aliyenyamaza

Shem Ombati anaendesha lori kati ya Dallas na Houston, na kanisani kwetu DeSoto, jirani ya Dallas, ndiye mzee tunayemtanguliza penye msiba. Ni mtu mrefu, mpole, anayetembea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Shule aliiacha mapema huko Kisii, lakini masikio yake hayakuacha kusoma. Huazima vitabu vya kusikiliza katika maktaba ya Carrollton, karibu na ghala anakopakia mizigo, na akiwa peke yake barabarani husomewa njia nzima.

Mwaka jana alizama katika tenzi za kale za Wayunani. Jumapili baada ya ibada, tukiwa jikoni na chai yetu, alitusimulia habari za nahodha mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka vitani. Njia yake ilipita mahali pembamba baharini. Upande mmoja maji yalizunguka na kumeza meli nzima. Upande wa pili, katika pango juu ya mwamba, lilikaa dubwana lenye shingo sita ndefu na vichwa sita, na kila kichwa humnyakua mtu wake. Nahodha alikuwa ameonywa. Aliwaambia mabaharia wajihadhari na yale maji, lakini habari ya dubwana aliiweka moyoni, maana aliogopa kwamba wakiisikia wataacha makasia na kujificha chini. Akaipitisha meli kando ya mwamba. Watu sita walinyanyuliwa juu wakirusha miguu hewani, wakimwita kwa jina lake.

Shem alimpenda nahodha huyo. Alisema ushujaa wa upanga hata mlevi anaweza kuwa nao, lakini kujua jambo zito na bado ukaweza kuwatazama watu wako usoni, huo ndio uongozi. Jedidah, mwenyekiti wetu wa akina mama, alimuuliza kama wale sita hawakuwa na mama zao.

"Hata nafasi ya kuomba hakuwapa," alisema. "Mzee, nahodha wako angekuwa dereva wa basi la kanisa, mimi ningeshuka."

Tulicheka. Shem naye alicheka, ila hakukubali. Mimi nilimkumbusha yule mtume mfungwa aliyesimama katikati ya dhoruba akawaambia wote kwamba meli itavunjika lakini wao watapona. Akanijibu kwa upole kwamba mtume alikuwa na malaika wa kumhakikishia, na nahodha wa Wayunani alikuwa na akili yake tu. Nikaendelea kuosha vikombe.

Hivyo ndivyo alivyotuongoza pia. Sisi tulio mbali na nyumbani hatumpi mtu habari ya kifo kwa simu. Mzazi wa mtu akifariki Kenya, jamaa humpigia Shem kwanza. Yeye hufunga mdomo, hutukusanya kimyakimya, na mwenye msiba akitoka kazini anakuta watu wa kumshika na chai iko tayari. Ni desturi nzuri. Nimeona watu wakianguka na kudakwa kabla hawajafika sakafuni.

Basi mama yake Clara akafariki huko Nyamira. Clara ni msichana wa kanisa letu, anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunza wazee. Hapa Marekani ana ndugu mmoja tu, kaka yake Erick, anayekaa Houston. Figo za Erick zimechoka, anasafishwa damu kwa mashine. Shem alipatana na wazee wa Houston kwamba wawili hao waambiwe wakati mmoja, asubuhi, kila mmoja akiwa na watu wake. Ili Erick asije akaona rambirambi kwenye simu kabla ya wakati, wenzetu wa Houston walienda kumtembelea mapema, wakaichukua simu yake na kuizima jikoni, wakisingizia kwamba inachajiwa.

Sisi tulikosea kwenye magari. Tuliyaegesha kwa mstari mbele ya mlango wa Clara, na kila moja lina kibandiko cha kanisa kwenye kioo cha nyuma. Hakuna Mkenya wa DeSoto atakayeona mstari huo kwake asubuhi ya siku ya kazi akadhani ni sherehe. Clara aliingia kwenye ua akipunguza mwendo, akatutazama nyuso zetu moja baada ya nyingine, kisha hakusimama. Alizunguka, akatoka langoni, akaenda.

Shem alimpigia simu, haikushikwa. Tulielewa ameelekea wapi. Kwake yeye mgonjwa katika familia ni Erick, na kama amempigia Erick amekuta simu imezimwa. Sasa alikuwa na zaidi ya saa tatu za barabara mbele yake, hajalala usiku kucha, na moyoni anamzika kaka yake aliye hai. Jedidah alianza kuomba kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nikimtazama Shem. Alikuwa amesimama juani na simu mkononi, anapiga, anakata, anapiga tena.

Mwishowe Clara alishika. Shem aliiweka simu kwenye sauti ya nje, tukasikia mngurumo wa barabara kuu.

"Mzee Shem, ni Erick?"

"Uko wapi, binti yangu?"

"Usiniulize niko wapi. Ni Erick?"

Jedidah alitikisa kichwa. "Si kwa simu, Mzee," alinong'ona. "Mwambie tu arudi."

Nilielewa shida ya Shem. Akinyamaza, Clara atazidi kukanyaga mafuta. Akisema si Erick, atakuwa ameshamwambia ni nani. Hakukuwa na neno la tatu. Shem alifumba macho kidogo.

"Erick ni mzima," alisema. "Simu yake tumeizima sisi. Kuna habari, na ni nzito, na sitakuficha hata kidogo. Lakini kwanza toka barabarani, uegeshe, uzime gari. Nikisikia limezimika, nitakuambia."

Tulisikia taa ya kukata kona ikigonga, tik, tik, kwa muda ulioonekana mrefu sana. Kisha injini ikanyamaza.

"Ni Mama," alisema Clara mwenyewe.

"Ni Mama. Alifariki jana jioni. Pole sana, mwanangu."

Shem hakukata simu. Alimwachia Jedidah usukani wa gari lake, nami nikaingia nao, na njia nzima hadi Corsicana, mji alikoegesha Clara, aliishika ile simu karibu na mdomo, akimwambia Clara tumepita wapi. Alipozungumza na mimi ilikuwa kwa kuziba kipaza sauti kwa kidole.

"Yule nahodha," alisema, "tunasikia habari kutoka kwenye kinywa chake yeye. Anasema hakuona jambo la kuhuzunisha kuliko lile katika safari zake zote, nami namwamini. Lakini wale sita hakuna aliyewauliza."

Tulimkuta Clara ameketi kwenye ukingo wa saruji nje ya kituo cha mafuta, bado amevaa nguo za kazi. Jedidah alimkumbatia wakalia pamoja. Clara alipotulia alimuuliza Shem tulijua tangu lini. Shem akamwambia, tangu jana jioni.

"Mimi nikiwa nageuza wazee wa watu kitandani, ninyi mnajua."

"Ndiyo," alisema Shem.

Clara alijifuta uso. Alisema anataka kuendelea na safari, na kwamba yeye ndiye atakayemwambia Erick, si mtu mwingine. Shem alipiga simu Houston hapo hapo, ambako walikuwa bado wanangoja neno lake, akawaomba wasubiri. Hawakupenda. Tulimsikia mzee mmoja akiuliza tangu lini watoto wakapelekeana msiba wenyewe kwa wenyewe, na wazee wapo.

Tulifika Houston baada ya adhuhuri. Nyumba ilikuwa imejaa watu na vikombe, na Erick amekaa katikati yao, amechoka kwa adabu. Alipomwona dada yake mlangoni aliacha kutabasamu. Clara alisalimia kila mtu vizuri, kisha akawaomba watoke nje kidogo.

Wazee wa Houston hawakuinuka. Walimgeukia Shem, maana yeye ndiye mkubwa wao katika mambo haya, wakingoja amkataze. Shem alichukua kofia yake, akawa wa kwanza kutoka. Mmoja mmoja wakamfuata, na mimi nikafunga mlango nyuma yetu. Tulisimama wote kwenye saruji ya moto mpaka Clara alipotufungulia.