Washauri Wote Walipewa Visu

Michembe, vile vipande vya viazi vitamu, ikianza kukauka juu ya jabali hutoa harufu tamu, yenye vumbi kidogo, na hata leo nikiisikia harufu hiyo narudi Misungwi kwa bibi, msimu ule ambao sikujua nishike lipi. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa yametoka vibaya. Baba, seremala wa Mkuyuni, alinipa muda hadi viazi viishe kuvunwa niwe nimechagua: nirudie mtihani, nijifunze ushonaji kwa shangazi Milembe kule Buzuruga, au nimsaidie baba mdogo Masanja kuuza dagaa. Akanipeleka kwa bibi nikatulize akili. Akili yenyewe ilikataa kutulia. Niliamini kwamba nikikosea safari hii nimekosea moja kwa moja, na kwa hofu hiyo nilikuwa nasukuma sahani ya ugali kila jioni.

Bibi alikuwa na shamba la viazi vitamu lililozidi nguvu za mgongo wake. Kazi ya michembe haina papara, lakini pia haina mwisho: unachimba viazi, unaviacha vinyauke, unavimenya, unavikata vipande vyembamba, kisha unavianika mpaka viwe vikavu kabisa. Nyumbani kwake ilikuwa marufuku kukaa mikono mitupu msimu huo. Ukishamwamkia tu, unapewa kigoda na kisu. Ukoo mzima ulilijua hilo, ndiyo maana miaka mingine wageni walikuwa adimu mno wakati wa viazi. Mwaka ule walifurika, na sababu ilikuwa mimi. Bibi alikuwa ametangaza kanisani, kwa uso wa huzuni, kwamba mjukuu wake hajui aelekee wapi na anahitaji ushauri. Watu wetu wanaweza kukunyima chumvi, lakini ushauri hawakunyimi.

Majirani walikuja, wakashauri, wakakata. Jumamosi moja akafika shangazi Milembe, futi yake ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kisu kile pale."

Hajamaliza kuisifia cherehani yake, baba mdogo naye akaingia, akapewa kisu kabla hajapewa maji. Wakaanza kunigombania. Shangazi alisema mwakani ningekuwa nashona sare za shule nzima. Baba mdogo akamuuliza ni nani hapa Mwanza asiyekula dagaa. Kadiri walivyopandishana hasira ndivyo visu vilivyokwenda mbio, na bibi alikuwa akiwaongezea viazi. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Habari ya kurudia mtihani tuiache," baba mdogo akasema. "Shule imeshamkataa huyu."

"Haijanikataa!"

Sauti ilikuwa yangu, tena kali kuliko inavyompasa mtoto mbele ya wakubwa. Visu vyote vikasimama. Mimi mwenyewe nilishangaa, kwa sababu mpaka dakika ile ningeapa kwamba sijui ninachotaka.

"Kumbe unajua, mayu," bibi akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Haya, endelea kukata. Vyembamba, vinene vinaota ukungu. Na ninyi wawili malizeni hilo fungu."

Nilirudia mtihani nikafaulu, si kwa kishindo, ila nilifaulu. Siku ya kuondoka bibi alinifungia mfuko wa michembe, nami nikamwomba radhi kwa kumsumbua na mambo yangu. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Ungejua mapema," akasema, "nani angenikatia viazi vyote vile?"

Bibi hayupo tena, na ninamkumbuka sana. Ofisi iliyoniajiri miaka yote tangu nitoke chuo imefungwa, na mimi, mama mtu mzima, sijui tena naelekea wapi. Simu haipumziki: kuna wa kuniambia nifuge kuku, kuna wa kuniambia nirudi darasani. Ile hofu imerudi pia, ingawa safari hii ugali naumaliza vizuri tu. Jana nimenunua gunia zima la viazi vitamu pale sokoni Mkuyuni, nikawaalika wote waje Jumamosi tushauriane. Shangazi Milembe, ambaye siku hizi anatembelea mkongojo, alipiga kuuliza aje na nini.

Nikamwambia aje na kisu.