Nilimchora Malaika Mikaeli akimkanyaga chatu wa mzee wangu, hadi leo sielewi nilichora nini

Wakuu, habari za humu ndani.

Hapa sitii chumvi. Ukiona imezidi, ujue ilikuja hivyo hivyo.

Enzi za ruksa, wanunuzi binafsi wa pamba walipomiminika Bariadi, niliwachorea mabango. Rangi ikibaki narudi nayo kijijini kwetu Ngulyati, nachora watakatifu. Hobby tu, sijasomea.

Katekista akaniomba picha ya Mikaeli akimchoma shetani mkuki, itundikwe kanisani siku ya somo, yaani mtakatifu msimamizi wa kigango chetu.

Mikaeli nilimtoa kwenye kalenda. Shetani je?

Sasa mzee wangu alikuwa mmoja wa Bayeye, wale wacheza ngoma na nyoka, wanaotibu pia walioumwa. Kwenye tenga lake kulikuwa na chatu. Nikamchora huyo huyo, doa kwa doa, mpaka kovu la shingoni. Nikajiona fundi!

Mzee akaitazama picha weee.

"Nyanda, kijana wangu, huyu mwenye mabawa kakosewa nini na chatu wetu?"

"Baba, huyo si chatu, ni shetani."

"Kovu hilo nililitibu mimi."

Basi. Akaacha kunisemesha, hata kula nami akakataa. Wakuu, kususwa na baba yako ndani ya mji mmoja kunauma sana. Nikiipeleka picha namtukana mzee, nisipoipeleka nimevunja ahadi ya kanisa.

Nikaipeleka.

Siku ya somo, katikati ya misa, mzee huyo anaingia! Hajawahi kukanyaga kanisani. Mama analia kwa furaha, anajua kaongoka.

Mzee moja kwa moja kwenye picha. Akatoa kibuyu, akampaka chatu dawa pale mkuki ulipoingia. Akanigeukia:

"Haya, twende tukale."

Sikujua nicheke au nilie. Nikamfuata.

Lile doa la dawa bado lipo. Watu wakienda kuvuna pamba wanapita kuligusa, eti wasiumwe na nyoka. Katekista alilalamika weee, siku moja nikamkuta naye analigusa!

Nilichojifunza: shetani wako anaweza kuwa mgonjwa wa mwenzako.

Mzee alishafariki. Sasa kanisa linapakwa rangi upya, nimeambiwa picha niisafishe. Brashi ninayo mkononi na akili imegoma kabisa.

Nifute au niache? Semeni wakuu, matusi pia napokea. Ila nikilifuta doa lile, sijui nitaisikia wapi tena ile "twende tukale".