Siku Niliyoifanya Ndoo Kuwa Mnyama

Aibu hii nimeikalia miaka mingi, hata marehemu mke wangu hakuisikia kwangu (aliisikia kwa Bi Zena niliyesoma naye, sokoni, mbele za watu), lakini leo naisema mwenyewe, kwa sababu mtu niliyemwaibisha alinilipa wema ambao sikuustahili.

Enzi za Mwingereza nilikuwa mchukuzi bandarini, nakaa Temeke, na alasiri nikitoka kazini nilikwenda kusoma Kiingereza na watu wazima wenzangu, katika chumba tulichoazimwa kwenye shule ya watoto, magoti yakigota madawati. Mwalimu wetu, Mwalimu Lukasi, kijana wa bara, alikuwa na mchezo wake: anashika kadi yenye picha, picha inamtazama yeye, sisi tunaona mgongo tu, tunamwuliza kwa Kiingereza kama ni mnyama, kama kinaliwa, kama kina miguu, mpaka mmoja abahatishe jina na kuichukua kadi. Maboksi ya kutengenezea kadi hizo nilimletea mimi, ya sabuni, yaliyopasukia gatini.

Siku ya pili tu nikaona kadi ya mbuzi ina doa la mafuta mgongoni. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikanyamaza. Basi kidogo kidogo nikazijua zote kwa migongo, yenye tundu la msumari ni paka, yenye herufi nyekundu iliyokatwa ni kikombe, na maswali ya wenzangu nikawa hata siyasikilizi (ya nini, na jibu ninalo?), natamka jina, nazoa kadi, napigiwa makofi, nikaanza kutembea na penseli sikioni wakati kazi yangu ni magunia.

Siku moja Mwalimu akatuambia anakuja Bwana Mkaguzi, Mzungu, kuangalia kama tunastahili kuachiwa kile chumba au tutolewe. Darasa jingine la watu wazima hatukuwa nalo.

"Kaka Saidi," akaniambia, "nitakutanguliza wewe."

"Hakuna tabu, Mwalimu," nikajibu, na jioni ile nikaenda kuazima koti kwa shemeji yangu.

Mkaguzi akaja, akakaa, Mwalimu akazitoa kadi, na kumbe kwa heshima ya mgeni alikuwa amezibandika karatasi ya bluu migongoni, zote sawasawa. Kuuliza sijui, nikabaki kutaja tu. Mbuzi? Siyo. Paka? Siyo. Kadi sita nikakosa, jasho likalowesha koti la watu, na Mwalimu akidhani nimeingiwa na woga akaamua kuniokoa: akanipa kadi moja niishike mimi, wenzangu waulize, nami nijibu ndiyo au hapana.

Ilikuwa ndoo. Bi Zena, muuza vitumbua, akaniuliza swali kwa Kiingereza chake kizuri, sikuelewa neno, nikajibu "Yes" kwa kuwa niliona ndilo jibu linalofurahisha watu. Kumbe aliuliza kama ni mnyama. Anatembea? Yes. Ana mkia? Yes. Ana mbawa? Yes. Anatoa maziwa? Yes. Wakitaja jina, ng'ombe, kuku, popo, hayo nayajua, nikasema "No", na darasa likachachamaa, watu wamesimama, kila mmoja anamwaga Kiingereza chote alichonacho, mpaka Mkaguzi mwenyewe akaomba aonyeshwe huyo mnyama. Nikaigeuza kadi.

"Kaka Saidi," Bi Zena akasema polepole, "ndoo ina mbawa?"

Walicheka mpaka dawati moja likaanguka. Mkaguzi hakucheka. Akamwuliza Mwalimu kwa Kiswahili, "Huyu ndiye uliyemsifu?" Nikamwona Mwalimu anatazama chini, na hapo nikaona heri nife.

"Mwalimu hana kosa, Bwana," nikasema. "Mie nilikuwa nazijua kadi kwa madoa ya mgongoni. Hawa wengine ndio waliosoma."

Mkaguzi akaandika kitu, kisha akasema hao wengine wanauliza vizuri sana, chumba wabaki nacho. Mimi hakunitaja.

Kesho yake niliwahi kwenda kumuaga Mwalimu, nikijua sina tena uso wa kukaa pale. Nikamkuta peke yake. "Shikamoo, kaka," akaniamkia, akanivutia dawati la mbele. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Kuna sentensi moja ambayo nilipaswa kukufundisha siku ya kwanza, kosa ni langu. Sema: I do not know. Maana yake, sijui."

Nikaisema. Akanitaka niirudie mara kumi, hadi ulimi ukazoea, na wenzangu walipoingia akashika kadi, akaniuliza mimi kwanza ina picha gani. Nikajibu kwa hiyo hiyo sentensi, mbele ya wote, na hakuna aliyecheka. Kiingereza changu chote kilianzia pale, na tangu siku ile nimeapa sisemi ndiyo kwa jambo nisilolielewa, na Mwalimu Lukasi, popote alipo, sijampa bado asante inayotosha.