Majani Yaliyoungua Yakingoja Petroli

Nilipokuwa mtoto mdogo, tulikuwa mama, dada yake aitwaye Tabutany, nyapara Kiprono na mimi, karibu na lori la majani chai lililokwama.

"Petroli imeisha, hata mjini hakuna," nyapara akasema.

Tabutany akamcheka. "Kwani petroli ni ng'ombe, ikauke maziwa? Sema dereva hataki kazi!"

Niliposikia ng'ombe, nikalikatia lori nyasi ili petroli irudi. Niliporudi, majani vikapuni yalikuwa yamepata joto kwa kurundikana, yakinuka kama mboga iliyosahauliwa jikoni. Nyapara akamwaga majani ya mama yote mtaroni.

"Hii imeungua. Siandiki kilo za kulipwa."

Mama alichuma tangu alfajiri!

Juzi mjukuu wangu Kibet aliacha pikipiki ikinguruma bure. "Kogo, mafuta haiwezi kuisha," akaniambia mimi bibi yake.

Niliizima mwenyewe.

Nikikosea jina, nisahihisheni. Harufu ile msinisahihishe; naikumbuka hadi leo.