Lugha Inayobaki Mlangoni

Watoto wa darasa la pili walimwita mwalimu wao wa Kihispania Bibi Hola, kwa salamu aliyoingia nayo darasani, na yeye hakuona ubaya. Kihispania alikipata ukubwani, alipolea watoto wa familia ya wageni ambao hawakujua lugha nyingine. Alijifunza kwa kubanwa, akaamini kubanwa ndiko kunakofundisha. Kwa hiyo darasani kwake kulikuwa na sheria moja: ukivuka mlango, lugha ya nyumbani inabaki nje. Anayeisema husimama ukutani mpaka kengele ilie. Walimu wenzake walimtania kwamba ipo siku atamnyima mtoto maji kwa kukosa kitenzi. Alicheka nao, lakini hakulegeza kamba.

Na kamba hukatikia pembamba. Siku moja mwalimu mkuu alikuja kukaa nyuma ya darasa, aamue kama kipindi hicho kiendelee au nafasi yake ipewe hesabu. Bibi Hola alivaa gauni lake la kuendea harusi za watu. Binti wa fundi cherehani, mtoto mkimya kama maji ya mtungini, alikuwa ameshika tumbo tangu asubuhi. Akanyoosha mkono, akasimama.

"Rojo," akasema. "Azul. Gato. Mesa."

Nyekundu, bluu, paka, meza. Akarudia kwa sauti zaidi, machozi yakimlengalenga. Bibi Hola aliyaona, akadhani ni haya tu. Akamsifu, darasa likapiga makofi, na mkuu naye akapiga. Mtoto akaketi. Kengele haijalia, alikwisha kutapika na kuanguka chini ya dawati. Hospitali walisema ni kidole tumbo, wakampasua jioni ile ile.

Mkuu hakukawia kutoa uamuzi. Kipindi kinabaki, alisema, na aliyemshawishi ni yule binti.  Bibi Hola aliona aibu, tena aibu ya kweli.

Aliporuhusiwa kumwona mgonjwa, alimkuta mama yake, yule fundi cherehani, ameketi kando ya kitanda. Akawasalimu, akauliza hali. Mtoto akakaza midomo.

"Sema kama unavyosema nyumbani, mwanangu," Bibi Hola akamwambia. "Siku ile ulikuwa unataka nini?"

Mtoto alimtazama mama yake kwanza. Mama akamwitikia kwa kichwa.

"Nilikuwa naomba kutoka nje, mwalimu," akasema. "Nikasema yote ninayoyajua."